Kadi ya Chama Haitoshi Kukwambia Uko Upande Gani

Machi 2019 mafundi rangi wa Unguja na Pemba hawakukosa kazi. Matawi yaliyokuwa ya CUF kwa miaka nenda rudi yalipakwa upya, zambarau ya ACT-Wazalendo ikafunika rangi za zamani, bendera moja ikashuka na nyingine ikapanda kwenye mlingoti uleule. Mahakama Kuu ilikuwa imetoa hukumu iliyomwacha Profesa Ibrahim Lipumba na uenyekiti wa CUF, na siku hiyohiyo, Machi 18, mpinzani wake ndani ya chama, Maalim Seif Sharif Hamad, akatangaza kwamba anahama na watu wake. Kaulimbiu waliichota baharini: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee.

Anayesoma itikadi kwenye makaratasi alipaswa kushtuka. CUF ilijinadi kwa miaka mingi kuwa chama cha kiliberali na ilikuwa na uanachama katika umoja wa vyama vya aina hiyo duniani. ACT-Wazalendo ilisajiliwa 2014, na mwaka uliofuata ikatoa Azimio la Tabora, waraka uliokusudia kulihuisha Azimio la Arusha. Kwa maneno mengine, umati mzima ulilala ukiwa wa kiliberali ukaamka wa kijamaa. Lakini mkulima wa karafuu wa Wete, Pemba, hakubadili wazo hata moja usiku ule. Kilichomtoa nyumbani kwenda mkutanoni tangu 1995 ni mambo mawili: nafasi ya Zanzibar ndani ya Muungano na kura yake kuhesabiwa ilivyopigwa. Hayo aliyabeba kutoka tanga moja hadi jingine bila kudondosha chochote njiani.

Ndiyo maana swali la kujipima kisiasa, mimi ni wa kushoto au wa kulia, lina ugumu wake kwetu. Si kwamba hatuna misimamo. Tunayo tele, kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa dakika kumi utaisikia. Tatizo ni kwamba rula tunayopewa ilichongwa na watu waliokuwa wakigombea mambo yao.

Ilianzia kwenye viti. Mwaka 1789 huko Versailles, wajumbe wa Bunge la Taifa la Ufaransa walibishana kama mfalme awe na uwezo wa kuzuia sheria zinazopitishwa na Bunge. Waliotaka mfalme abaki na makali yake walikaa kulia kwa mwenyekiti, na waliotaka apunguzwe wakakaa kushoto. Ugomvi ulikuwa wa nani aamue. Mambo ya mali, viwanda na mishahara yaliingia baadaye, karne ya 19, wafanyakazi walipoanza kuunda vyama vyao, na polepole kushoto kukawa upande wa wanaotaka dola iingilie ili mali igawanywe, kulia upande wa wanaotaka soko na mwenye mali waachwe. Hapo ndipo rula ilipotufikia, ikiwa imeshabeba maswali mawili yaliyofungwa pamoja kana kwamba ni moja.

Wapo waliojaribu kuyafungua. Mwaka 2001 walianzisha dodoso la mtandaoni liitwalo The Political Compass. Lina kauli 62, na kila kauli ina majibu manne, kutoka kukataa kabisa hadi kukubali kabisa. Hakuna pa kuandika "sijui". Ukimaliza unapewa nukta kwenye mraba: kushoto na kulia ni uchumi, juu na chini ni mamlaka dhidi ya uhuru. Nililifanyia majaribio Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa kijana fundi simu ambaye ndiye aliyenichokoza.

"Dada, hivi mimi ni wa kushoto au wa kulia?"

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Nawaona Wamarekani wanavyotukanana humu kwenye simu, nikajiuliza ningekuwa wao ningekaa wapi."

Basi nikawa namfasiria kauli moja baada ya nyingine, naye anajibu huku anabandua kioo cha simu ya mteja kwa kijikadi chembamba, macho hayainui. Tulipofika kwenye kauli kwamba ardhi isiwe bidhaa ya kununuliwa na kuuzwa, akasimamisha mkono. "Sasa hilo nalo la kuuliza? Ardhi si ya Serikali?" Nikamkumbusha kwamba ana kiwanja Chanika. Akasema ndiyo, alikinunua kwa mzee mmoja, wakaandikishana Serikali ya Mtaa mbele ya mashahidi. "Lakini ardhi yenyewe ni ya Rais. Weka nakubali kabisa."

Kauli ya kuwachapa watoto aliicheka. Kauli kwamba mama anaweza kuwa na kazi lakini jukumu lake la kwanza ni nyumba aliikubali, kisha akanyamaza kidogo, akasema mama yake ni mama ntilie Buguruni na asingekuwa yeye ada ingetoka wapi. Nikamuuliza kama nibadilishe jibu. Akasema liache hivyohivyo. Lipo pia swali la unajimu, na hapo tulipoteza muda mwingi kuliko popote, maana majirani wote walitaka kutajiwa nyota zao.

Nukta yake iliangukia juu kushoto: mjamaa wa uchumi, mpenda mamlaka katika mengine. Akaitazama. "Kwa hiyo mimi ni CCM?"

Hapana, na nitaeleza kwa nini, lakini kwanza turudi kwenye ardhi, maana pale ndipo dodoso lilipojichanganya lenyewe. Mwingereza anayesema ardhi isiuzwe amesema neno zito. Amesimama mbali kabisa na watu wengi wa nchi yake, na ni haki nukta yake isogee kushoto. Mtanzania anayesema hivyo amekariri tu sheria. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya jambo hili mwaka 1958 katika kijitabu cha Mali ya Taifa, akipinga ardhi kugeuzwa mali binafsi ya kudumu. Mwaka 1963 hati za umiliki wa kudumu zilizoachwa na wakoloni zikabadilishwa kuwa za kukodi kwa miaka 99. Sheria za Ardhi za 1999 zikasisitiza: ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, sisi wengine tuna haki ya kuitumia. Wakati huohuo viwanja vinauzwa kila siku kutoka Chanika hadi Kigamboni, na dalali anachukua asilimia yake bila kumuuliza mdhamini. Fundi wangu anaishi ndani ya mambo hayo mawili bila kuumwa kichwa. Ni mjamaa wa hati na mfanyabiashara wa kiwanja.

Ukivuka Namanga, swali hilohilo linageuka. Kenya inatambua ardhi ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi, na hati ya kudumu ni kitu ambacho watu wamepelekana mahakamani, na hata kumwaga damu, kwa ajili yake. Hapo kusema ardhi isiuzwe ni siasa kali kweli. Bildad Kaggia, aliyefungwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta, aligombana na mwenzake wa gerezani kwa sababu alitaka wasio na ardhi wapewe bila kuinunua. Mwaka 1966 alikuwa na Oginga Odinga katika chama cha KPU, na 1969 chama hicho kikapigwa marufuku. Kabla ya hapo, 1965, Serikali ya Kenya ilitoa Waraka wa Bunge namba 10 uliobeba jina la ujamaa wa Kiafrika huku ndani ukilinda mali binafsi na kukaribisha mitaji ya nje. Mmoja wa waliouchambua kwa ukali mwaka uleule alikuwa mchumi Barack Obama, baba wa rais wa Marekani wa baadaye. Kwa hiyo Nairobi ilikuwa na ujamaa wa jina, na wajamaa wenyewe walikuwa wakielekea jela.

Majina yanadanganya upande wetu pia, tena kwa utulivu zaidi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 3, hadi leo inaitaja nchi hii kuwa ya kijamaa. Chama kinachoitawala kiliyalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha huko Zanzibar mwaka 1991, kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa na nyumba za kupangisha, mambo ambayo 1967 yangemtoa kazini. Wapinzani nao si wepesi kuwasoma. CHADEMA ilianzishwa 1992 ikiongozwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, aliyejiuzulu uwaziri wa fedha 1979 baada ya kutofautiana na Mwalimu kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Huo ni uzazi wa kulia usio na shaka. Lakini mwaka 2010 mgombea wake, Dk. Willibrod Slaa, alizunguka nchi akiahidi elimu ya bure na saruji ya bei nafuu, na uwanja ukimshangilia. Elimu bila malipo hadi kidato cha nne ilikuja 2016, ikaletwa na CCM. Mwaka 2015 nchi ilimshuhudia Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani wa CCM, akigombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, na mwaka 2019 akirudi alikotoka. Ukitaka kumpima mtu kwa kadi aliyonayo mfukoni, taja na mwezi.

Mpime hayati John Magufuli, uone rula inavyopinda. Sheria za 2017 za kulinda mali asili, ndege za ATCL, elimu bila malipo: kushoto. Kauli yake ya Juni mwaka huohuo kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni: uhafidhina wa wazi, na Serikali iliyomfuata iliutengua Novemba 2021. Mikutano ya hadhara kuzuiwa: juu kabisa ya mraba. Kisha Desemba 2018 akawapa machinga vitambulisho vya shilingi 20,000 wafanye biashara bila kusumbuliwa na mgambo, jambo ambalo mpenda soko huria yeyote angelipigia makofi. Wapo waliompenda kwa hilo la mwisho tu na hawakujali mengine. Wapo waliomchukia kwa hilo la mikutano tu.

Nina dhana yangu kuhusu wahafidhina wa Tanzania ambayo haijanipatia marafiki. Mhafidhina ni mtu anayetaka kulinda yaliyokuwapo. Marekani yaliyokuwapo ni soko, bunduki na kanisa. Kwetu yaliyokuwapo, kwa mtu aliyezaliwa kabla ya 1970, ni duka la ushirika, shule ya bweni ya Serikali na picha ya Mwalimu ukutani. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipozunguka nchi 1991 kuuliza wananchi kama wanataka vyama vingi, takriban 80 kati ya 100 walisema chama kimoja kibaki. (Tume ikashauri wasikilizwe wale wachache, na 1992 vyama vikaruhusiwa, sijui nchi nyingine iliyoingia demokrasia kwa kushindwa kura.) Wale 80 utawaweka wapi? Walitetea chama cha kijamaa, kwa hiyo kushoto. Walikataa mabadiliko, kwa hiyo kulia. Mzee wa aina hiyo yupo kila ukoo: anataka viwanda vya Serikali, hataki binti avae suruali, anaamini rushwa iliingia na ruksa ya biashara ya Rais Mwinyi. Watoto wake wanasema mawazo yake hayana mpangilio. Mimi nadhani yana mpangilio mzuri tu, ila si ule wa Versailles.

Wala tusidhani huko kwenye rula yenyewe watu wamenyooka. Mwaka 1964 mtafiti wa Marekani, Philip Converse, alichapisha uchambuzi wa mahojiano na wananchi wa nchi yake. Waliokuwa wakiyapanga mawazo yao kwa itikadi, kushoto hadi kulia, hawakufika hata 3 kati ya 100. Wengi zaidi walizungumzia maslahi ya kundi lao: chama hiki kinawajali wakulima, kile kinawajali matajiri. Alipowarudia watu walewale baada ya miaka miwili na tena baada ya minne, wengi walitoa majibu tofauti na ya mwanzo, kama waliojibu kwa kurusha sarafu. Wanasiasa na waandishi ndio waliokuwa na vifurushi vilivyofungwa vizuri. Sisi tunaowasikia redioni tunadhani kila Mmarekani amefungwa hivyo.

Kwa hiyo nikimrudia fundi wangu: nukta ile haikumwambia mengi. Kuna chombo ninachokipenda zaidi, cha Wajerumani, kiitwacho Wahl-O-Mat. Kinaendeshwa na taasisi ya umma ya elimu ya uraia tangu 2002. Kabla ya uchaguzi, vyama vyenyewe vinajibu kauli 38 za mambo yanayobishaniwa mwaka ule katika nchi ile, nawe unajibu zilezile, kisha unaonyeshwa mmekubaliana kwa kiasi gani. Lakini kabla ya matokeo unaulizwa: kauli zipi zihesabiwe mara mbili? Hapo ndipo penye utamu. Mtu hajulikani kwa orodha ya anayoyakubali, maana wengi tunakubali karibu kila kitu kizuri, hospitali, barabara, kodi ndogo, amani. Anajulikana kwa lile analolishika linapogongana na jingine.

Mkulima wa Wete alikuwa anauhesabu Muungano mara mbili, pengine mara kumi, na ndiyo sababu uliberali na ujamaa vilimpita kama upepo. Mwaka 2025 CHADEMA ilipogoma kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, ikidai mabadiliko kwanza, humo ndani walikuwamo wapenda soko na wapenda ruzuku pamoja. Walichokihesabu mara mbili ni kanuni za mchezo. Ukisema watu hao hawana itikadi kwa sababu hawabishani juu ya mfumuko wa bei, umewapima kwa kipimo cha jirani.

Ningepewa kuandika dodoso letu, ningeondoa unajimu na kuweka bima ya afya. Hilo ni swali la kushoto na kulia kwa maana ya shule, na linatugusa sote. Kenya, kuanzia Oktoba 2024, mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kwa ajili ya mfuko wa SHIF, wakati ile NHIF ya zamani ilikomea shilingi 1,700 kwa mwezi hata kwa anayelipwa mamilioni. Anayepata zaidi sasa analipia zaidi, na matibabu ni yaleyale. Ni haki au ni uonevu? Jibu lako hapo, na hasa jibu lako baada ya kuona hati yako ya mshahara, lina thamani kuliko kauli 62. Tanzania nayo ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na swali la nani amchangie asiye na kitu halikwepeki.

Ningeweka machinga pia. Oktoba 2021 walipoondolewa barabarani Dar es Salaam, niliwasikia watu waliokuwa wakijiita watetezi wa wanyonge wakishukuru kwamba sasa wanaweza kutembea kwenye njia ya waenda kwa miguu. Na nilimsikia mfanyabiashara mwenye duka, mtu wa kodi na leseni, akisema waachwe watafute riziki, kwa sababu nusu ya bidhaa zao wanazichukua kwake. Kila mmoja aligundua kitu juu yake mwenyewe, ingawa sidhani kama alikiandika mahali.

Kuhusu ilani za vyama, kwa wanaotaka kuzilinganisha na majibu yao: zisomeni kwa vitenzi. "Itahakikisha", "itaendelea kuboresha" na "itaweka mazingira wezeshi" ni maneno ambayo mjamaa na bepari wanaweza kuyatia saini kwa kalamu moja. Itikadi inaanza pale penye jina la kodi, umri wa anayestahili, au kitu kitakachopunguzwa ili kingine kiongezwe. Kurasa za aina hiyo ni chache, kwa hiyo kazi haichoshi kama unavyodhani.

Nilimuuliza fundi angehesabu mara mbili yapi. Akachagua mawili: mgambo wamwachie mtu afanye biashara, na hospitali imtibu mama yake bila kumdai. Nikamwuliza pesa ya hospitali itoke wapi. Akaonyesha juu kwa bisibisi, kwenye maghorofa: wale watozwe. Jirani yake anayeuza makava akadakia kwamba ukimtoza mwenye ghorofa, Januari pango la fremu linapanda, utalipa wewe mwenyewe. Basi Serikali iweke kikomo cha pango, akasema fundi. Jirani akasema Serikali ikianza kupanga pango leo, kesho itapanga bei ya kava, na keshokutwa makava yenyewe yataadimika, muulize babu yako kuhusu sabuni ya mwaka 1983. Walibishana mpaka mwenye simu akaja kuichukua. Muda wote huo hakuna aliyetaja chama. Ninavyojua, mmoja ana kadi ya CCM na mwingine ya CHADEMA, na anayetaka pango lipangiwe bei ndiye mwenye ya CHADEMA.